Nani Ataongoza Kiyamu

Ansab, Maskati
12 Aprili 2025

Mdogo wangu Marhoon,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta huna neno, wewe na kuku wako, na kwamba Iddi ilikwenda vizuri ingawa uliila peke yako kama mtu aliyesuswa. Sisi huku wazima. Shangazi Mazoon naye mzima, ila goti, ambalo siku hizi tunaliulizia hali kabla ya kumuulizia mwenyewe. Binti yako Ghaliya amepandishwa cheo wizarani, na nikimwalika chakula ananijibu kwamba ataangalia ratiba yake.

Nakuandikia kwa sababu wewe ulijitoa kwenye kundi la simu la ukoo baada ya ule ugomvi wa picha za harusi, na mimi daktari wa koo amenikataza kusema ila kwa dharura. Nilimuuliza kama kuimba nako ni kusema. Kijana akanitazama kwa huruma, akanambia, "Mama, weye ushaimba ya kutosha." Nimeimba kasida kwenye nusu ya harusi za Maskati, na wa kwanza kuniambia yatosha ni mtoto ambaye nadhani niliimba kwenye harusi ya mama yake. Nililia ndani ya gari, bila sauti, kwa kufuata maagizo ya daktari.

Sasa nisikilize. Maulidi yetu ya Mfungo Sita yanaangukia mwanzoni mwa Septemba, na kikundi alichotuachia baba hakina wa kuongoza. Mimi nataka aongoze Sabah.

Usijifanye umeshtuka. Bibi yake alikuwa mjakazi katika nyumba ya babu Unguja, mama yake alitupikia sote mpaka tukanenepa, na yeye anatupigia dufu tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi zenyewe bila msaada. Amezalisha wanawake wa mji huu mpaka amestaafu ukunga, ana kitambulisho sawasawa na changu, lakini kwenye mkeka wetu bado anaitwa "mtu wa nyumbani". Anakaa nyuma, karibu na mlango wa jikoni, na chetezo kikizungushwa kinamfikia udi umeshakuwa majivu. Anazijua kasida zote za baba, na sauti anayo. Mimi nimekaa mbele yake miaka yote hii, kwa hiyo niliisikia vizuri kuliko mtu yeyote, na nikanyamaza kwa sababu watu walikuwa wakiipigia makofi yangu.

Shangazi anataka aongoze Ghaliya, kwa kuwa ni damu yetu. Ghaliya anaimba vizuri, sikatai. Lakini mwenye neno ni wewe. Baba alikuwa na binti anayeimba na mwana asiyeweza kuita hata paka akaja, na ijaza ya kikundi, ile idhini ya kuongoza na kumruhusu mwingine aongoze, akampa mwana. Baba nimemsamehe, alikuwa mtu wa zama zake. Wewe bado nakufikiria.

Niandikie maneno mawili tu, kwamba umempa Sabah ijaza ya kuongoza. Nitayasoma mbele ya ukoo na jambo litakwisha. Barua anakuja nayo Ayman, mtoto wa jirani, anayekwenda na kurudi Unguja kwa biashara zake.

Dada yako,
Mahbuba

*

Mbweni, Unguja
20 Mei 2025

Dada Mahbuba,

Waaleikum salaam. Barua yako imenifika ikiwa imekunjwa mara nne na inanuka viatu, maana Ayman aliisafirisha ndani ya kiatu ili isipotee. Nashukuru kwa habari za nyumbani, na pole sana kwa koo. Nilisikitika kweli. Nimekua nikiisikia sauti yako ikitokea vyumba vyote vya nyumba, hata vile nilivyojifungia ili nisiisikie.

Mimi hapa sijambo. Masika yamekuwa makubwa na paa limevuja juu ya kitanda, nimehamisha kitanda, likavuja kule nilikohamia. Nilirudi Unguja nikajigamba kwamba nitakuwa mkulima, na mpaka sasa nimefanikiwa kulisha kunguru. Kuku wanataga kwa jirani. Jirani ananiletea mayai kama zawadi na mimi namshukuru.

Jino moja la nyuma limeng'oka.

Ama kuhusu lile jambo, nimelisoma. Ni jambo kubwa, na jambo kubwa linataka mtu alale nalo kwanza. Shangazi ni mtu mzima na hatuna mwingine. Sabah namheshimu, hilo unalijua. Tutazungumza.

Ghaliya anaimbaje siku hizi? Amepata pumzi ya kumaliza kasida ndefu? Nambie ukweli.

Mdogo wako,
Marhoon

*

Ansab, Maskati
14 Juni 2025

Marhoon,

Assalaam aleikum na Iddi njema, ingawa imeshapita na nyama imeshaisha kwenye friji. Joto limeingia, tunaishi kiyoyozi kwa kiyoyozi kama wagonjwa. Pole kwa jino. Pole kwa paa. Umeniandikia ukurasa mzima wa kuku na mistari michache ya jambo nililokuuliza, na mmoja kati ya hiyo unamuulizia binti yako. Nimekuelewa zaidi ya ulivyotaka.

Sasa nikuhadithie fedheha yangu, maana utaisikia tu kwa wengine, na wao wataipunguza chumvi.

Siku ya Iddi tulikula kwa Shangazi, ukoo wote. Nikasema, kwa kuwa ndugu yangu bado analala na jambo, mimi nitalisema mwenyewe. Daktari ameniruhusu dharura, na hii niliihesabu dharura. Nilikuwa nimejipanga tangu Ramadhani, kwenye kioo, na mikono naitoa hivi. Nikaanza. Nikasema sisi sote tumetoka kwa baba mmoja na mama mmoja. Nikasema tunamswalia Mtume aliyewakalisha watu safu moja, halafu sisi tunapanga mkeka wetu kwa kuangalia bibi wa mtu alikuwa nani. Nilikuwa nakwenda vizuri, Marhoon. Ghaliya alikuwa anafuta machozi. Hata mimi nilikuwa nimeanza kujipenda.

Na katikati ya hapo, wali ukanikaa kooni. Bila kugeuka, mkono nimeunyoosha nyuma, nikasema, "Sabah, hebu n'letee achari."

Akaniletea. Akaiweka mbele yangu, taratibu, na kijiko chake. Kisha akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti cha Shangazi, akatoka kwa mlango wa mbele.

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Shangazi ndiye aliyesema, "Haya, endelea na hotuba yako." Nilibaki na achari yangu. Niliila, kwa vile sikujua pa kuweka mikono.

Tangu siku ile haji mazoezini. Simu hapokei. Nimempelekea halwa kwa mkono wa Ghaliya, imerudi kwa mkono wa Ghaliya, haijafunguliwa. Ghaliya nikamuuliza, kasema nini? Akasema, "Kasema hana hasira, shangazi. Kasema kachoka." Ningependa hasira. Ya hasira ningeijua dawa yake.

Kwa hiyo sasa si suala la mkeka tu. Asiporudi, hakuna kikundi. Ghaliya mwenyewe anasema hawezi kuongoza na dufu linapigwa na watu wa kubahatisha. Andika, Marhoon. Neno langu nimeliharibu mwenyewe mbele ya watu. Lako bado zima, kwa vile hujalitumia.

Dada yako, mwenye hotuba,
Mahbuba

*

Mbweni, Unguja
9 Julai 2025

Dada Mahbuba,

Waaleikum salaam. Hali zetu njema, alhamdulillahi. Mvua zimekatika na paa nimelitengeneza mwenyewe, jambo lililosababisha fundi aje kulitengeneza upya.

Barua yako niliisoma nikacheka mpaka nikaona haya. Kisha nikaisoma tena na sikucheka.

Nimefikiri sana, na nimepata njia ambayo haitamuumiza mtu. Ghaliya akae mbele, kwa heshima ya Shangazi na jina la baba. Sabah akae nyuma yake hapo hapo, na zile sehemu ngumu, hasa kiyamu, pale watu wanaposimama kumswalia Mtume, aimbe yeye, na Ghaliya amfuate kwa midomo. Wageni hawatajua. Sabah atapata haki yake ya kuimba, Ghaliya atapata nafasi, Shangazi atapata amani. Nadhani hata baba angeikubali.

Msalimie Sabah. Mwambie mimi ni mtu wake siku zote.

Marhoon

*

Ansab, Maskati
24 Julai 2025

Marhoon,

Salaam. Sote wazima.

Sikumsomea Sabah barua yako. Sikumsalimia pia. Nimeichana, tena nimeichania jikoni, mlango umefungwa, kwa jinsi nilivyoona aibu nayo.

Kukaa nyuma na kuimba wengine wasifiwe, hiyo si haki unayompa. Hiyo anayo tangu utotoni.

Kabla ya kuichana nilimsomea Ghaliya badala yake. Ameondoka bila kumaliza chai.

Mahbuba

*

Mbweni, Unguja
18 Agosti 2025

Dada yangu Mahbuba,

Assalaam aleikum. Kuku wazima, sitawataja tena.

Ghaliya alinipigia simu. Sijui kama alikwambia. Hakupiga kelele, ndivyo alivyokuwa mama yake akikasirika. Aliniuliza, "Baba, unanambia mie niwe mdoli?" Nikamwambia ninamtakia mema. Akasema, "Basi n'takie mema mengine." Akakata.

Nikuambie ukweli ambao sikukuandikia. Nilitaka ijaza ibaki kwangu kwa njia ya Ghaliya. Baba aliponipa mimi badala yako, nilijua, na wewe ulijua, na nadhani hata vikombe kabatini vilijua, kwamba sistahili. Nikasema moyoni, basi angalau mtoto wangu ataifanya istahili. Sikumfikiria Sabah hata dakika. Sikuwa na ubaya naye. Hakuwamo tu katika hesabu, na naona huko ndiko kubaya zaidi.

Kuna kingine cha kukuchekesha. Wiki iliyopita nilialikwa kisomo mtaa wa pili. Nikavaa kanzu mpya, nikavaa kofia ya baba, nikamnong'oneza mwenyeji kwamba mimi nina ijaza ya kuongoza, wakitaka nipo. Akanishika bega akasema, "Ahsante, mzee. Kaa hapo mlangoni utuangalilie viatu." Nikaviangalia. Si viatu vilivyonibadilisha, usiende ukawaambia watu hivyo. Nilikuwa nimeshabadilika tangu simu ya Ghaliya. Viatu vilinipa nafasi ya kukaa nayo tu.

Katika bahasha hii kuna karatasi ya pili, ya Sabah peke yake. Ijaza nimempa, yote, kuongoza na kumpa mwingine baada yake kwa hiari yake, awe wetu au asiwe wetu. Nimeandika pia kwamba nilichelewa, na kwamba kuchelewa hakukuwa na sababu nzuri. Ayman anaondoka kesho. Itafika kabla ya maulidi.

Mdogo wako,
Marhoon

*

Ansab, Maskati
12 Septemba 2025

Mdogo wangu Marhoon,

Waaleikum salaam. Wote wazima, na goti la Shangazi litapata fungu lake humu ndani.

Barua yako haikufika kabla ya maulidi. Ayman alishuka Maskati akakuta wenzake wanakwenda Salalah, kule kusini, kutazama manyunyu ya msimu, naye akaenda na begi lake lote. Kwa hiyo siku ya maulidi sikuwa na neno lako, na Shangazi akatangaza kwamba ataongoza Ghaliya. Mimi nikapewa kiti cha mwimbaji mstaafu, chenye mto.

Ukumbi ulijaa. Sabah alikuja. Ghaliya alimpelekea kadi ya mwaliko kama mgeni yeyote, naye akaja kama mgeni yeyote, kavaa vizuri, kakaa katikati ya ukumbi. Jikoni hakutia mguu. Shangazi alimuona, akanambia kwa sikio, "Yule akifungua kinywa, mie nnakaa. Simsimamii mtoto wa mpishi." Nikamwambia atafanya atakavyo. Nilikuwa na hofu, sikuwa na ushujaa wowote.

Ghaliya akaanza. Aliimba vizuri, ningekuwa mwongo nikisema vingine. Tukafika kiyamu. Watu wote wakasimama kumswalia Mtume, ukumbi mzima, na Shangazi na fimbo yake. Na Ghaliya akafunga mdomo.

Hakusahau. Alisimama pale mbele, midomo imekaza, anamtazama Sabah. Hakuna aliyekuwa anaimba. Wanawake wamesimama, wanatazamana. Mimi, kwa kuwa siwezi kuona kimya nikakiacha, nikafungua kinywa nikijaze. Kilichotoka ni kitu ambacho kuku wako wangekijibu. Mtoto mmoja alianza kulia.

Ndipo Sabah akaanza, pale pale alipokuwa, katikati ya wageni.

Siwezi kukuandikia sauti. Nitakwambia tu kwamba nilikuwa nimeshika mgongo wa kiti na nikauachia. Miaka yote nilidhani ile kiyamu ni yangu na yeye ananisindikiza. Sivyo. Ilikuwa yake, na mimi niliazimwa. Nililia, safari hii na kelele, daktari atanisamehe.

Nikageuka kumtazama Shangazi. Alikuwa amekwishashika kiti nyuma yake, ili akae kama alivyoapa. Lakini ni nani anayekaa watu wakiwa kwenye kiyamu? Hata mgonjwa huegemezwa. Angekaa, angekuwa amekataa kumsimamia Mtume, si Sabah. Kwa hiyo Shangazi Mazoon alisimama. Na Sabah, ambaye alikuwa anamuona vizuri, akairefusha. Akaingiza beti ambazo baba alituimbia sisi utotoni tu, akazirudia, akazipamba, akarudi mwanzo. Niliona wanawake wakibadilisha mguu wa kusimamia. Shangazi alikuwa mwekundu, uzito wote ameuhamishia kwenye fimbo kwa ajili ya goti, mdomo unafuata maneno kwa sababu hayo pia huwezi kuyanyamazia. Sijui alikuwa anamswalia Mtume au anamlaani mtu.

Ilipokwisha akaondoka bila kuaga. Sitakudanganya kwamba amebadilika. Keshoye alipiga simu, nikadhani ananitukana, kumbe anauliza Sabah anaimba lini tena, ili siku hiyo awe na safari.

Barua yako ilifika siku iliyofuata, imechanika pembeni na ina mchanga. Nikaisoma yangu. Nikaichukua karatasi ya Sabah, nikasema hii haendi nayo Ghaliya. Nikampigia dereva, nikapanda gari, tukafika Hamriya, mtaa anaokaa Sabah. Dereva akaniuliza, "Nyumba ipi, mama?"

Marhoon, sikujua. Yeye ameingia nyumba yangu kila wiki, anajua sukari naiweka wapi, anajua hata mahali ninapoficha biskuti kwa sababu ya daktari. Mimi nyumbani kwake sijawahi kufika. Sikuwahi kujiuliza anakwenda wapi akitoka kwangu. Nilitoa hotuba nzima ya usawa na sikujua mwenzangu analala mlango gani. Ilibidi nimuulize fundi cherehani, mtu wa Bangladeshi, naye akanipandisha ngazi mwenyewe, ghorofa ya tatu, kwa vile aliona sitafika.

Sabah akafungua. Nikampa karatasi, akanirudishia. "Nnataka n'sikie," akasema, "soma." Nikasoma pale mlangoni, kwa hiki kilichobaki kooni, na majirani wawili wakatoa vichwa. Nilipofika pale uliposema huna sababu nzuri, aliniashiria nirudie. Nikarudia.

Akasema, "Mwambie nimeipokea. Na mwambie bila hiyo ningeimba vilevile." Kisha akasema, "Mazoezi Jumatano, hapa kwangu. Dufu utapiga weye. Ukikimbiza, nitakusimamisha mbele ya watu." Nikasema ndiyo. Sikupata neno jingine, mimi, niliyejipanga kwenye kioo tangu Ramadhani.

Akauacha mlango wazi, akaenda ndani. Kulikuwa na watu sebuleni, dada zake, wamezunguka sinia. Wakasogea kidogo. Nikavua viatu, nikasimama pale kama mtoto siku ya kwanza chuoni, nikimsubiri. Akatazama mkeka wake, akafikiri, akanyoosha kidole.

Nikakaa aliponionyesha.

Dada yako,
Mahbuba